Umepewa likizo ya ugonjwa kwa msongo wa mawazo? Namna ya kutoka nje bila kujificha

Daktari amekuandikia mapumziko. Siku za mwanzo unalala tu. Kisha asubuhi moja unaamka unatamani kutembea, na papo hapo swali linakujia: nikionekana je? Mtu aliyevunjika mguu hutoka na plasta yake, na kila anayemwona anaelewa. Wewe huna plasta. Unaonekana mzima, umevaa vizuri, pengine unacheka na jirani. Ndiyo maana wengi hujifungia ndani wiki nzima wakiogopa macho ya watu, na wanatoka humo wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia.

Niseme msimamo wangu mapema. Likizo ya ugonjwa inakupumzisha kazi, haikupi kifungo cha nyumbani. Wanaopata matatizo kwa kawaida hawapati kwa sababu wameonekana barabarani. Wanapata kwa sababu wameonekana wakifanya jambo linalopingana na walichomweleza daktari au mwajiri. Ukishika hilo, yanayobaki ni utaratibu.

Hatua ya 1: Soma karatasi yako kabla ya kufungua mlango

Chukua cheti cha daktari ukisome taratibu. Angalia tarehe ya kuanza na ya kuisha, sababu iliyoandikwa, na maelekezo yoyote ya ziada. Kisha soma mkataba wa kazi na kanuni za mwajiri: unatakiwa kumjulisha nani, kwa njia gani, na je, kuna kifungu kinachotaka uombe kibali kabla ya kusafiri?

Usichukue ushauri wa mtu aliye nchi nyingine, maana sheria hazifanani hata kidogo. Ufaransa, mgonjwa aliye likizo hutakiwa kuwa nyumbani saa 3 hadi saa 5 asubuhi na saa 8 hadi saa 10 alasiri, hata siku za mapumziko, isipokuwa anapokwenda kutibiwa au daktari anapoandika kwamba anaruhusiwa kutoka wakati wowote. Italia nayo ina saa zake: saa 4 hadi saa 6 mchana, na saa 11 hadi saa 1 jioni. Mkaguzi akibisha hodi katika saa hizo na wewe hupo bila sababu ya kueleweka, malipo yanaweza kukatwa. Ujerumani hakuna saa za kukaa ndani. Kinachotakiwa ni kwamba usifanye jambo la kuchelewesha kupona kwako. Uingereza, siku 7 za kwanza mfanyakazi hujieleza mwenyewe, baada ya hapo ndipo karatasi ya daktari inapohitajika.

Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo. Sheria hizi mbili zinataka cheti. Hazipangi saa za kukaa ndani. Mkataba wako lakini unaweza kuongeza masharti, na kama malipo yako yanatoka kwa kampuni ya bima, soma pia masharti ya bima. Hapo ndipo watu wengi hawafiki.

Hatua ya 2: Mwombe daktari aandike matembezi

Kati ya hatua zote hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa. Usitoke kwa daktari na neno "pumzika" peke yake. Muulize wazi:

- Naruhusiwa kutoka kila siku? Kwa muda gani?
- Naweza kufanya mazoezi, kwenda ibadani, kukutana na marafiki?
- Dawa hizi zinaniruhusu kuendesha gari?
- Nikitaka kwenda kukaa kwa ndugu zangu wiki moja, kuna tatizo?

Mwombe aandike majibu kwenye faili lako, na ikiwezekana kwenye cheti. Siku mtu akiuliza kwa nini ulionekana unatembea mchana, jibu litakuwepo tayari, kwa mwandiko wa daktari na kwa tarehe ya kabla ya malalamiko.

Madaktari wengi hawatasita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kunahesabiwa. Kwa mtu mwenye msongo, kutembea pia hupunguza wasiwasi na kusaidia usingizi wa usiku.

Angalia na neno lililoandikwa kama sababu. Msongo wa kazi unaweza kuandikwa kwa namna nyingi: wasiwasi, sonona, kushindwa kuzoea hali fulani, uchovu. Shirika hilohilo, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeuelezea uchovu mkubwa unaotokana na kazi kuwa ni hali ya kikazi na halikuuweka miongoni mwa magonjwa. Kwa hiyo usishangae daktari akitumia jina jingine. Lifahamu tu, ili unachosema kwa watu kisipingane na kilichoandikwa.

Hatua ya 3: Pima kila safari kwa maswali mawili

La kwanza: safari hii inanisaidia kupona, au angalau hainirudishi nyuma? La pili: ninachokwenda kufanya si kilekile nilichosema siwezi kukifanya?

Swali la pili ndilo zito. Tuseme umemwambia daktari kwamba huwezi kukaa na watu wengi wala kukaza akili kwenye jambo moja kwa muda mrefu. Kwenda dukani, kumpeleka mtoto shule, kukaa bustanini, kwenda kliniki, kusali, kuogelea, kunywa chai na rafiki mmoja: hakuna linalopingana na maneno yako. Lakini ukionekana umeshika kipaza sauti, wewe ndiye mshereheshaji wa harusi ya watu mia tatu, hapo utakuwa na kazi ya kueleza. Pengine ulijikaza kwa saa moja ukaanguka kitandani siku tatu. Aliyeiona ile saa moja hazijui zile siku tatu.

Kuhusu kazi nyingine, nasema bila kuzunguka: usifanye. Iwe ni kuendesha abiria, kuuza bidhaa mtandaoni, kufundisha masomo ya ziada au kibarua cha rafiki cha siku mbili. Wapo wanaosema, "Lakini kazi hiyo hainipi msongo, inanituliza." Inawezekana kabisa kuwa ni kweli. Hata hivyo mwajiri anayekulipa kwa sababu huwezi kufanya kazi akikukuta unafanya kazi, ukweli huo hautakusaidia sana. Kama kuna shughuli unayoamini ni sehemu ya kupona kwako, mfano kujitolea saa chache kwenye kituo cha watoto, pata ruhusa ya daktari na ya mwajiri kwa maandishi kwanza.

Pombe na mikesha nayo iangalie kwa jicho la afya kuliko jicho la majirani. Pombe huleta usingizi wa haraka lakini huuvuruga usiku wa manane, na hupigana na dawa nyingi za wasiwasi na za usingizi.

Hatua ya 4: Anza kidogo, upande taratibu

Mwili uliokaa kwenye msongo kwa miezi mingi umezoea hali ya tahadhari. Adrenalini hupandisha mapigo ya moyo, misuli hukaza, pumzi hufupika, na kotisoli, homoni inayofuata mzunguko wa usiku na mchana, hukosa mpangilio wake. Mtu wa namna hiyo akiingia ghafla kwenye soko lenye kelele, mwili unaitikia kana kwamba kuna hatari ya kweli. Anarudi nyumbani mbio, anasikia nafuu, na ubongo unajifunza somo baya: nje ni hatari, nyumbani ndiko salama. Kesho yake kutoka kunakuwa kugumu zaidi.

Dawa ya hilo ni kupanda ngazi, na kila mtu na ngazi yake. Mfano huu unaweza kuurekebisha.

Wiki ya kwanza, toka asubuhi dakika kumi au ishirini, njia ileile, bila shughuli yoyote. Asubuhi ina maana yake: mwanga wa jua baada ya kuamka huipa saa ya mwili ishara kwamba siku imeanza, na usingizi wa usiku hupangika kutokana na hapo. Usisubiri uwe na hamu. Kwenye hali hii hamu hutangulia kwa nadra. Mara nyingi mtu hutoka kwanza, hamu ikafuata siku kadhaa baadaye.

Ukiona hilo limekuwa jepesi, ongeza shughuli moja ndogo yenye mwisho unaojulikana, kama kununua kitu kimoja dukani wakati hakuna foleni. Kisha rafiki mmoja, mahali patulivu, kwa muda mliokubaliana tangu mwanzo. Mwambie mapema, "Nitakaa nusu saa, nikichoka nitaondoka, usikasirike." Kisha ndipo sehemu yenye watu wengi, kwanza ukiwa na mtu unayemwamini, baadaye peke yako.

Usiruke ngazi kwa sababu leo umeamka na nguvu. Siku nzuri ndizo zinazowaponza wengi: mtu anafanya yote aliyoyaacha mwezi mzima, halafu siku nne zinazofuata hawezi hata kuoga. Siku nzuri fanya ulichopanga, ubaki na akiba. Siku mbaya fanya nusu yake, lakini usiache kabisa.

Hofu ikikushika ukiwa njiani, moyo ukaenda mbio na mikono ikatoa jasho, fahamu kwamba wimbi la namna hiyo hupanda kwa dakika chache, kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha hushuka lenyewe. Sogea pembeni, simama au keti. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita au saba. Pumzi ndefu ya kutoka hushusha mapigo ya moyo. Taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona. Ukiweza, subiri wimbi lishuke ndipo uondoke, ili ubongo ushuhudie kwamba limepita bila wewe kukimbia. Lakini maumivu ya kifua ambayo hujawahi kuyapata, hasa yakielekea mkononi au kwenye taya, yapeleke hospitali mara moja, usijipe moyo kwamba ni wasiwasi tu.

Kama umeanzishiwa dawa za sonona, zingatia kwamba nyingi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na baadhi huongeza wasiwasi kidogo katika siku za mwanzo. Wiki hizo usijipangie safari kubwa. Kahawa nayo, kama moyo wako tayari unakwenda mbio, ipunguze kabla ya kutoka.

Hatua ya 5: Andaa maneno ya kukutana na watu wa kazini

Mtakutana. Tena mara nyingi pale usipotaka. Kujificha nyuma ya rafu za duka ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu anayekuona unajificha hana haja ya ushahidi mwingine. Usijikohoze wala usichechemee. Salimia wewe kwanza, kwa sauti yako ya kawaida.

Kiswahili kimetupa msaada hapa: salamu zetu ni ndefu, na ndani yake unaweza kujibu kidogo na kuuliza sana. Mfanyakazi mwenzako akisema, "Kumbe upo! Tuliambiwa unaumwa," mjibu:

"Ni kweli, bado niko chini ya daktari. Nimetoka kunyoosha miguu kidogo. Nyumbani hawajambo? Yule mtoto ameshaanza shule?"

Akishikilia, "Lakini mbona unaonekana mzima tu?" jibu ni fupi:

"Alhamdulillahi, naendelea vizuri," au "Namshukuru Mungu, naendelea vizuri. Haya, tutaonana." Kisha ondoka. Huna deni la maelezo. Unachoumwa ni siri yako na daktari wako, na huyo aliyekuuliza si lazima awe na nia mbaya. Watu wengi huuliza kwa kukosa la kusema.

Ukikutana na bosi, ongeza adabu na ukweli bila kuongeza habari: "Habari za leo, bosi. Naendelea na matibabu, na daktari amenitaka nitembee kila siku. Taarifa nyingine nitazileta ofisini kama tulivyokubaliana." Akianza kukuuliza faili la fulani liko wapi, mwombe aulize kwa barua pepe au kupitia ofisi ya rasilimali watu. Mazungumzo ya kazi katikati ya barabara yatakurudisha nyuma siku nzima, na pia yatampa picha kwamba uko tayari kufanya kazi.

Mambo mawili usiyafanye kamwe katika mikutano hiyo. Usimseme bosi vibaya, hata kama yeye ndiye chanzo cha msongo wako. Maneno yatafika kabla hujafika nyumbani. Na usitunge ugonjwa mwingine kwa kuona aibu. Ukisema ni mgongo, na cheti kinasema wasiwasi, umejitengenezea mgongano ambao haukuwepo.

Majirani na ndugu ni rahisi zaidi. "Niko likizo, napumzika" inatosha. Ni kweli, na haimpi mtu pa kushika.

Hatua ya 6: Simu huonekana zaidi kuliko wewe

Mtu akikuona barabarani, amekuona mtu mmoja, kwa dakika moja. Picha inaonekana na ofisi nzima na inabaki. Mwaka 2009, huko Quebec nchini Kanada, mwanamke aliyekuwa likizo ndefu kwa sonona alisimamishiwa malipo na kampuni ya bima, na alieleza kuwa picha zake za Facebook, akiwa ufukweni na kwenye sherehe, zilitajwa kama dalili kwamba amepona. Yeye alisema daktari wake ndiye aliyemshauri ajiburudishe. Kampuni ilisema haiwezi kukata malipo kwa kutegemea picha za mtandaoni pekee. Angalia lakini ni nani aliyebaki bila malipo wakati hoja hizo zinabishaniwa.

Kwa hiyo usiposti matembezi yako, hata yale halali kabisa. Waombe marafiki wasikutaje kwenye picha zao, na weka simu ikuulize kwanza kabla jina lako halijaunganishwa na picha ya mtu. Stori ya WhatsApp nayo ina watazamaji ambao umewasahau, pitia orodha. Zima taarifa za makundi ya kazini, au uage kwa adabu: "Niko kwenye matibabu, nitarudi kundini nikipona." Ukibaki ndani ya kundi na kujibu utani saa sita usiku, watakuhesabu kuwa upo kazini.

Weka badala yake daftari dogo. Tarehe, umekwenda wapi, muda gani, ulijisikiaje kabla na baada, ulilala saa ngapi. Daktari atalitumia kuona kama unaendelea, na litakusaidia ukihitaji kueleza mwenendo wako.

Hatua ya 7: Safari, sherehe na misiba

Safari ya kwenda kupumzika kwa ndugu mara nyingi inakubalika, lakini mjulishe daktari na umtaarifu mwajiri anwani utakayokuwepo ikiwa kanuni zinataka. Kwenda nchi nyingine ni jambo zito zaidi: katika baadhi ya mifumo malipo husimama usipopata idhini kabla ya kuondoka. Tiketi iliyokatwa kabla hujaugua, itunze risiti yake.

Harusi ya ndugu wa karibu, nenda, kaa pembeni, ondoka mapema, usipokee majukumu ya kamati. Msibani nenda. Sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzako, inayofanywa na ofisi yako? Mimi ningetuma salamu tu.

Hatua ya 8: Ukiitwa kujieleza

Usijibu kwa simu ukiwa na hasira. Omba malalamiko kwa maandishi: ulionekana lini, wapi, ukifanya nini. Kisha jibu kwa maandishi, kwa ufupi, ukiambatisha maelekezo ya daktari. Kama ulikuwepo, sema ulikuwepo. Chama cha wafanyakazi kikiwepo, nenda na mwakilishi. Huna sababu ya kupeleka maelezo yote ya ugonjwa. Cheti na kauli ya daktari kwamba matembezi ni sehemu ya matibabu vinatosha kwa kuanzia.

Usiposonga mbele, na unapokaribia kurudi

Kama wiki mbili tatu zimepita na bado huwezi kufika hata mlangoni, au kila siku ni mbaya kuliko jana, rudi kwa daktari kabla ya tarehe aliyokupa. Ukianza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo duniani, mwambie mtu wa karibu leo hiihii na uende hospitali. Usiyabebe mawazo hayo peke yako mpaka miadi ijayo.

Likizo ikikaribia kuisha, tumia matembezi kujizoeza kurudi. Amka saa ya kazini kwa wiki nzima. Vaa nguo za kazini, panda usafiri uleule hadi kituo cha jirani na ofisi, siku ambayo ofisi imefungwa. Moyo ukianza kwenda mbio ulipoliona lango, usigeuke papo hapo. Simama ng'ambo ya barabara mpaka utulie, kisha nenda zako nyumbani, uandike kwenye daftari ilichukua muda gani, na umwonyeshe daktari kabla hajakuandikia tarehe ya kurudi.